Mshambuliaji Kijana Hahitaji Makofi, Anahitaji Dakika na Karatasi



Dirisha la usajili linapofunguliwa, mji wetu wa Songea hupatwa na homa ile ile ya kila mwaka. Kuanzia Mfaranyaki hadi Lizaboni, kuanzia Bombambili hadi Ruhuwiko, gumzo huwa ni kijana fulani, mfungaji wa mabao, ambaye sasa “ametoka”. Neno hilo lina uzito wake hapa kwetu. Kutoka ni kuiacha Ruvuma, kwenda Dar es Salaam, na hasa kufika Kariakoo, kwenye moja ya zile klabu mbili zilizowagawa Watanzania tangu enzi za babu zetu. Picha ya kijana akiwa ameshika jezi husambaa kwenye simu. Wazazi hupongezwa. Viongozi ambao hawakuwahi kumnunulia hata jozi moja ya viatu hujitokeza kudai kwamba wao ndio waliokiona kipaji chake tangu akiwa mdogo.

Mimi nasema kwamba mara nyingi tunapiga vigelegele kwenye mazishi. Tunazika kazi ya kijana ambayo bado haijaanza, na kwa kuwa jeneza limefunikwa kwa jezi mpya, hatulitambui.

Hoja yangu ni hii. Miaka mitatu au minne ya mwanzo ya mshambuliaji wa kulipwa huamuliwa na mambo mawili: dakika anazocheza uwanjani, na karatasi zinazomlinda yeye na waliomlea. Kipaji ni mtaji tu, na mtaji usio na mahali pa kuzungushwa wala hati ya umiliki huliwa na mjanja wa kwanza atakayepita. Sisi wa Songea hatumpi kijana wetu dakika, wala hatumpi karatasi. Tunampa makofi. Kisha anaporudi baada ya misimu miwili, kimya, akiwa na goti bovu na deni la nauli, tunasema kwamba “alilewa sifa”.

Somo la mwaka 2018

Tuanze na mfano ulio karibu na nyumbani. Msimu wa 2017/18 Majimaji yetu, Wanalizombe, ilishuka daraja kutoka Ligi Kuu pamoja na majirani zetu Njombe Mji. Ndani ya kikosi kile kilichozama alikuwamo mshambuliaji Marcel Kaheza, ambaye aliendelea kufunga mabao katika timu iliyokuwa ikipoteza michezo. Mjuzi wa soka anajua uzito wa jambo hilo. Kumalizia pasi za mabingwa ni kazi. Kufunga katika timu ambayo mpira haukai miguuni mwake ni kazi nzito zaidi. Ligi ilipokwisha, Simba, waliokuwa wametoka kutwaa ubingwa, walimchukua. Katika dirisha hilohilo walimchukua pia Mohamed Rashid kutoka Prisons ya Mbeya na Adam Salamba kutoka Lipuli ya Iringa. Songea, Mbeya na Iringa zikawa zimetoa washambuliaji watatu, kwa klabu moja, kwa mkupuo mmoja.

Sasa tufanye hesabu ya darasa la tatu. Simba tayari ilikuwa na Emmanuel Okwi, kinara wa mabao wa msimu uliokuwa umekwisha, mwenye mabao 20. Ilikuwa na John Bocco, mshambuliaji aliyekomaa na aliyezijua nyavu zote za nchi hii. Kisha ikamleta Meddie Kagere kutoka Gor Mahia ya Kenya, ambaye msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 na kuongoza orodha ya wafungaji. Timu huanza mchezo ikiwa na washambuliaji wa kati wawili, na siku nyingi mmoja. Je, vijana watatu wa Nyanda za Juu Kusini walipangiwa kucheza wapi? Kabla msimu ule haujafika mwisho, Kaheza alikuwa amepelekwa kwa mkopo AFC Leopards ya Nairobi, na Rashid alikuwa amepelekwa kwa mkopo KMC ya Kinondoni.

Simtaji Kaheza ili kumbeza. Alikubali nafasi ambayo karibu kila kijana wa rika lake angeikubali. Wala siilaumu Simba, ambayo msimu huo ilifika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Afrika. Klabu inayotafuta matokeo ya wiki hii haiwezi kugeuzwa kituo cha malezi. Ninaowalaumu ni sisi tulioshangilia bila kufanya hesabu ile. Mchezaji aliyekuwa akianza kila wiki katika Uwanja wa Majimaji alihamishiwa mahali ambapo watu watatu walikuwa mbele yake, nasi tukaita jambo hilo maendeleo. Mkulima wa Namtumbo akisikia kwamba mwanawe amehamishwa kutoka shamba analolima kwenda ghala la kukalia magunia, atauliza maswali. Kwa nini katika soka hatuulizi?

Waliocheza ndio waliofika

Watu hupenda kumtaja Mbwana Samatta kama ushahidi wa kipaji. Mimi namtaja kama ushahidi wa dakika. Kijana yule, aliyezaliwa Desemba 1992 na kukulia Mbagala, alipita African Lyon, kisha akacheza Simba. Mwaka 2011 Simba ilikutana na TP Mazembe ya Lubumbashi kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika. Simba ilifungwa michezo yote miwili, lakini Wakongomani walirudi kwao wakiwa na jina la mshambuliaji kichwani. Samatta alikuwa na miaka 18 aliposajiliwa na Mazembe.

Hapa ndipo wengi hukatisha simulizi na kurukia Ulaya. Tusiruke. Samatta alikaa Lubumbashi hadi Januari 2016. Hiyo ni miaka takriban mitano ya kucheza, kukosa, kufunga, kuzomewa na kucheza tena, mbali na kamera za Kariakoo na magazeti yake. Mwaka 2015 alitwaa Ligi ya Mabingwa Afrika akiwa na Mazembe, akafunga mabao 7 katika mashindano hayo na kuwa miongoni mwa vinara wa mabao. Januari 2016 akatangazwa na CAF kuwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na mwezi huohuo akajiunga na Genk ya Ubelgiji. Huko nako hakuruka hatua. Msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi, Genk ikawa bingwa, naye akashinda Kiatu cha Ebony cha mwaka 2019, tuzo ya mchezaji bora wa Ubelgiji mwenye asili ya Afrika. Aston Villa walimchukua Januari 2020. Alifunga katika mchezo wake wa kwanza wa Ligi Kuu ya Uingereza, dhidi ya Bournemouth, na tarehe 1 Machi 2020 akafunga tena katika fainali ya Kombe la Ligi dhidi ya Manchester City, uwanjani Wembley.

Kati ya siku aliyosajiliwa na Mazembe na siku aliyovaa jezi ya Villa kuna zaidi ya miaka minane. Ndani ya miaka hiyo hakuna muujiza. Kuna michezo mingi, iliyochezwa mfululizo, na mtu aliyekua kidogo kidogo ndani yake.

Tukirudi kwenye ligi yetu, ushahidi ni uleule. Msimu wa 2016/17 vinara wa mabao walikuwa wawili wenye mabao 14 kila mmoja: Simon Msuva wa Yanga na Abdulrahman Mussa wa Ruvu Shooting ya Pwani. Msimu wa 2021/22 kinara alikuwa George Mpole wa Geita Gold, mwenye mabao 17, akimzidi Fiston Mayele wa Yanga kwa bao moja. Mpole hakuhitaji kukaa kwenye benchi la Kariakoo ili ajulikane. Alihitaji timu ya mkoani iliyomwamini kila wiki, na baada ya mabao yale FC Saint Éloi Lupopo ya Lubumbashi ikamfuata. Geita ni mji wa mkoani kama ulivyo Songea. Walichofanya wao kinaweza kufanyika hapa.

“Njaa haisubiri”

Najua nitakavyojibiwa, kwa sababu nimekwisha kujibiwa hivyo mara nyingi, tena na wanafunzi wangu. Jibu la kwanza husema: “Mwalimu, wewe una mshahara mwisho wa mwezi. Kijana yule ana mama anayeuza vitumbua Majengo na wadogo wanne. Kariakoo wanampa fedha leo. Unataka asubiri dakika?”

Hoja hiyo ni nzito na siwezi kuipuuza. Umaskini ni wakala mkubwa kuliko mawakala wote wa soka. Lakini tazama inachothibitisha. Inathibitisha kwamba kijana maskini ndiye anayehitaji mkataba mzuri kuliko mtu mwingine yeyote, kwa kuwa yeye hana akiba ya kumwezesha kukosea. Mwenye shida akienda sokoni bila mizani hupunjwa zaidi ya wote. Wakulima wa mahindi wa mkoa huu wanalijua hilo vizuri. Mnunuzi anayekufuata shambani wakati ada ya shule inadaiwa ndiye anayekuja na gunia la lumbesa.

Basi aende Kariakoo ikibidi, lakini aende na masharti. Mkataba unaweza kutaja kwamba asipofikisha idadi fulani ya michezo katika nusu ya kwanza ya msimu, atapelekwa kwa mkopo kwenye klabu atakayoridhia. Unaweza kutaja nani atalipa matibabu ya goti. Unaweza kutaja kwamba akiuzwa, klabu iliyomtoa itapata asilimia ya mauzo. Yote hayo ni mambo ya kawaida katika mikataba ya soka duniani. Kanuni za FIFA nazo zina ngao zake: mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili anaweza kuipa klabu notisi ya siku 15, na isipolipa akauvunja mkataba kwa haki. Ipo pia kanuni inayomruhusu mchezaji aliyecheza chini ya asilimia 10 ya michezo rasmi ya msimu kuomba kuondoka, lakini hiyo inamhusu mchezaji aliyekwisha kukomaa. Chipukizi haimfuniki. Ngao ya chipukizi ni kile kilichoandikwa kwenye mkataba wake, na kama hakikuandikwa, hana ngao.

Jibu la pili husema kwamba ushindani hujenga: kijana akifanya mazoezi na kina Kagere kila siku, atakuwa kama Kagere. Ni nusu ya ukweli. Mazoezi na wakubwa hujenga pale yanapoishia kwenye mchezo. Ufundi wa mshambuliaji unakaa katika nukta moja ya uamuzi, beki akiwa mgongoni, kipa akitoka langoni, watu elfu kadhaa wakipiga kelele. Uamuzi huo haujifunzwi benchini, kama vile daktari mwanafunzi asivyojifunza kupasua kwa kutazama kupitia dirisha la chumba cha upasuaji. Beki kijana anaweza kusubiri na akaingia kikosini akiwa na miaka 25. Mshambuliaji aliyepoteza miaka yake kati ya 19 na 22 hupoteza pia ile imani ya kupiga bila kufikiri, nayo hairudi kwa urahisi.

Korosho ina stakabadhi, kijana hana

Sasa nije kwenye karatasi, jambo ambalo mashabiki huliona la kuchosha ingawa ndimo fedha ilimo.

Mkulima wa korosho wa Tunduru anapofikisha mzigo wake ghalani, hupewa stakabadhi. Hati hiyo huonyesha uzito na daraja la korosho, na mnada ukifanyika, malipo hufuata hati. Tunaweza kubishana kuhusu kasoro za mfumo wa stakabadhi ghalani, na wakulima wana haki ya kulalamika malipo yanapochelewa, lakini hakuna anayebisha kwamba bila ile karatasi mkulima hana cha kudai.

Soka la dunia lina stakabadhi yake. Kanuni za FIFA zinasema kwamba mchezaji wa kulipwa akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hugawiwa kwa klabu zote zilizomlea kuanzia msimu wa kutimiza miaka 12 hadi ule wa kutimiza miaka 23. Kila msimu wa umri wa miaka 12 hadi 15 una thamani ya asilimia 0.25 ya ada. Kila msimu wa miaka 16 hadi 23 una thamani ya asilimia 0.5. Mgao huo hurudi kila anapouzwa, hata akiwa na miaka 30. Tangu Novemba 2022 malipo ya aina hiyo yana chombo chake maalumu jijini Paris, kilichoanzishwa na FIFA ili fedha zisipotelee njiani. Chombo hicho hakiulizi nani anakumbuka kumfundisha kijana kupiga chenga. Kinasoma kumbukumbu za usajili: jina, tarehe ya kuzaliwa, klabu, msimu.

Tuchukue mfano wa fedha. Vyombo vya habari vya Uingereza vilikadiria ada ya Samatta kwenda Villa kuwa takriban pauni milioni 8.5. Kwa ada ya namna hiyo, msimu mmoja wa kumlea mtoto wa miaka 13 una thamani ya pauni 21,250, ambazo kwa viwango vya mwaka ule zilizidi shilingi milioni 60. Msimu mmoja wa kumlea kijana wa miaka 17 unazidi shilingi milioni 120. Misimu minne, kuanzia miaka 12 hadi 15, ni asilimia 1 kamili: pauni 85,000. Hebu fikiria fedha hizo zinapofika kwenye timu ya vijana ya Matarawe au Msamala, yenye mipira mitatu, miwili kati yake ikiwa imeshonwa kwa uzi wa viatu. Zingetosha kulipa makocha, kununua vifaa na kulea watoto wengine mia kwa miaka kadhaa.

Lakini timu nyingi za mitaani mwetu hazingepata hata senti, kwa kuwa kwenye kumbukumbu hazipo. Mtoto amecheza chandimu Mjimwema, amecheza UMITASHUMTA akiwa shule ya msingi, amecheza UMISSETA akiwa sekondari, amecheza ndondo na kushinda mbuzi, na katika miaka yote hiyo jina lake halijaandikwa kwenye usajili rasmi wa klabu yoyote. Anaandikwa kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 18 au 19, na klabu ya mbali. Kwa mujibu wa karatasi, alizaliwa siku hiyo. Jasho la kocha wa mtaani aliyemfundisha bure kwa miaka sita linafutika.

Tujue pia kwamba timu ya hapa nchini haipati mgao huu mchezaji anapohama kati ya klabu mbili za hapa hapa nchini. Kijana akitoka Songea kwenda Dar es Salaam, asilimia hizo hazimfuati. Ndiyo maana nimesisitiza sharti la asilimia ya mauzo yajayo. Klabu ya mkoani inayomwachia mshambuliaji wake kwa ahadi ya mdomo, au kwa seti moja ya jezi, inauza shamba la mahindi yakiwa bado mabichi.

Uongo wa umri

Karatasi inayoumiza kuliko zote ni cheti cha kuzaliwa cha kughushi. Tunacheka tunaposikia “umri wa mpira”, kana kwamba ni utani. Mwaka 2005 timu yetu ya taifa ya vijana chini ya miaka 17, baada ya kufuzu fainali za Afrika, iliondolewa kwa kumtumia mchezaji aliyezidi umri. Kizazi kizima cha wenzake kilikosa jukwaa kwa sababu ya karatasi moja. Siku hizi FIFA hutumia vipimo vya MRI vya kifundo cha mkono katika mashindano ya umri huo, na mwili hausemi uongo kama cheti.

Anayempunguzia mshambuliaji miaka minne anadhani amemwongezea soko. Kwa kweli amemwibia. Kijana wa miaka 21 anayecheza na watoto wa 17 hufunga kwa nguvu za mwili, hivyo hajifunzi kusoma nafasi wala kumalizia kwa akili. Akipanda kwa wakubwa, mwili hauna tena faida, na ufundi haukuwahi kujengwa. Vilevile miaka yake halisi ya malezi inavurugika kwenye kumbukumbu, na haki ya waliomlea inavurugika nayo.

Linganisha na Kelvin John, mshambuliaji wa Serengeti Boys katika fainali za Afrika za vijana zilizofanyika Dar es Salaam Aprili 2019. Hakukimbizwa kwenye mkataba wa kitapeli. Alikwenda Uingereza kwenye chuo cha Brooke House, mahali panapounganisha masomo na soka, na alipotimiza miaka 18, Juni 2021, akasaini Genk. Tarehe hiyo ina sababu yake: kanuni za FIFA, isipokuwa kwa hali chache zilizotajwa, haziruhusu mchezaji kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine kabla ya miaka 18. Nasi tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, inayomtambua kila aliye chini ya miaka 18 kuwa mtoto. Yeyote anayempandisha mtoto wa Songea kwenye basi la alfajiri kwenda “majaribio” bila mzazi, bila shule na bila barua ya klabu, anakosea mbele ya soka na mbele ya sheria za nchi.

Jezi za kampeni

Nisipowagusa wanasiasa nitakuwa nimeogopa. Kila unapokaribia uchaguzi, mashindano huota kama uyoga: kombe la diwani, kombe la mbunge, kombe la mtarajiwa. Jezi zenye picha ya mtu hugawiwa, mipira hugawiwa, ng’ombe huchinjwa kwa bingwa. Sipingi mashindano. Yamewapa vijana wetu michezo ambayo vyama vya soka havikuwapa. Napinga kinachotokea siku ya tatu baada ya fainali: hakuna kinachobaki. Mfungaji bora wa mashindano hayo hana leseni, timu yake haina usajili, kocha wake hana cheti, na matokeo hayakuandikwa mahali popote isipokuwa kwenye ukurasa wa mheshimiwa.

Kuisajili timu moja ya vijana na kutunza kumbukumbu za watoto thelathini kunagharimu fedha ndogo kuliko ng’ombe mmoja. Tofauti ni kwamba usajili hauna picha nzuri. Haupigiwi ngoma. Kiongozi anayetaka kura zako mwaka huu hapendi kupanda mti utakaozaa baada ya miaka kumi, na sisi tumemzoesha hivyo kwa kupokea jezi na kunyamaza.

Tunachopaswa kudai

Kwanza, chama cha soka cha mkoa kifanye usajili wa watoto kuanzia miaka 12 kuwa kazi yake ya kwanza. TFF inatumia mfumo wa kielektroniki wa FIFA Connect. Hatuhitaji kujenga jengo ili kuingiza majina. Kinachohitajika ni mtu mmoja mwenye kompyuta, vyeti halali vya kuzaliwa, na kiongozi atakayeulizwa kila mwisho wa msimu: mmesajili wangapi?

Pili, walimu wa michezo waache kukaa na vipaji vya UMITASHUMTA na UMISSETA kwenye daftari la shule. Kila mtoto aliyeitwa timu ya wilaya aunganishwe na klabu iliyosajiliwa hapa hapa Songea, ili shule imlee na klabu imwandike.

Tatu, kijana asisaini akiwa peke yake. Halmashauri ina wanasheria na ina maofisa ustawi wa jamii. Saa moja ya mwanasheria kusoma mkataba pamoja na mzazi, kwa Kiswahili, kifungu kwa kifungu, si anasa. Mzazi anayetaka hati kabla ya kuuza kiwanja asione haya kutaka hati kabla ya kumtoa mwanawe.

Nne, Majimaji yenyewe iamue inataka kuwa nini. Klabu hii ilitwaa ubingwa wa Muungano mwaka 1985, ikautetea 1986, ikaurudia 1998. Haikufanya hivyo kwa kuwa kituo cha basi cha wachezaji wanaopita. Leo, ikiwa nje ya Ligi Kuu, ina kitu ambacho Kariakoo haina: dakika za kumpa kijana wa miaka 18. Hicho ndicho iweke mezani mbele ya wazazi. “Tuachie mwanao misimu miwili. Atacheza kila wiki. Atasajiliwa kwa jina na umri wake wa kweli. Akiondoka, ataondoka na mkataba unaosomeka, nasi tutabaki na haki yetu.” Klabu itakayoweza kusema maneno hayo na kuyatimiza haitahitaji kuomba wafadhili kwa kupiga magoti.

Nitaambiwa kwamba haya ni maandishi ya mtu wa chuo na kwamba soka huchezwa kwa miguu. Ni kweli, soka huchezwa kwa miguu. Lakini huuzwa kwa kalamu, na wenzetu wanaotununulia wanakuja na kalamu mifukoni.

Safari ijayo ukipigiwa simu kwamba mshambuliaji wa mtaani kwenu ametoka, kabla hujatuma pongezi uliza maswali matatu. Mkataba wake umesomwa na nani? Msimu huu atacheza wapi, na mbele yake wako wangapi? Jina la timu ya Songea iliyomlea limeandikwa wapi? Waulize wazazi, mwulize kocha, mwulize kiongozi wa klabu aliyemwachia, tena uliza mbele za watu. Wakikosa jibu, wawahi kumtafuta mwanasheria kabla kijana hajapanda basi.

Naomba kuwasilisha.